UZI: Jina la ukoo Cholmondeley, herufi 12 zote hizo halafu linatamkwa "Chamli". Tujuzane asili yake

Dereva wa Kaskazini

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni dereva wa watalii huku kaskazini, kazi yangu nusu ni kuendesha na nusu nyingine ni kusimama pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, nimeshika kibao chenye jina la mtu nisiyemjua. Sasa juzi kati hapa ofisi wakanipa karatasi, mgeni mmoja, jina CHOLMONDELEY. Nikachukua kipande cha boksi nikaandika na maka peni, herufi hazikuenea, ile Y ya mwisho ikabidi niishushe chini kama mkia wa mjusi.

Ndege ikatua, watu wakaanza kutoka, na mimi nikaanza kuita "Mista Cholomondelei! Mista Cholomondelei!" Niliita mpaka koo likakauka, madereva wenzangu wote wameshabeba wageni wao wameondoka, mmoja akanipita akaniambia labda mtu wako kashukia Nairobi. Kumbe kuna babu wa kizungu kakaa zake kwenye benchi mita tano tu kutoka nilipo, kofia ya majani kichwani, miwani yake iko kwenye begi ambalo halijatoka kwa hiyo kibao hakioni, anategemea masikio, na masikio yake hayajasikia jina lake hata mara moja. Begi lilipotoka akavaa miwani, akanifuata, akaangalia boksi langu akacheka, halafu akaweka kiganja katikati ya lile jina akaziba herufi zote zikabaki CH huku na LEY kule. Akasema, "Chamli. Ni Chamli tu, bwana."

Siku sita za safari nilimuuliza maswali mpaka nadhani alinichoka, niliporudi nikaanza kusoma mwenyewe, na nilichokuta kimenifanya nilete huu uzi.

Kwanza jina ni la kijiji. Cholmondeley ni kijiji kwenye jimbo la Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Kimo kwenye lile daftari kubwa la mali na kodi ambalo mfalme William aliagiza liandikwe mwaka 1086, miaka 20 baada ya kuiteka Uingereza, na humo kimeandikwa Calmundelei. Ndani yake kuna vipande viwili. Cha kwanza ni jina la mtu, Ceolmund, jina la Kiingereza cha kale kabisa, "ceol" ni merikebu na "mund" ni ulinzi (hiyo mund ndiyo iliyoko kwenye Edmund pia). Cha pili ni "leah", sehemu iliyofyekwa katikati ya msitu watu wakapata pa kulima na kuishi. Sasa sisi watu wa Arusha tuna Kwa Mrombo, Dar mna Kwa Aziz Ali. Na wao hapo ni Kwa Ceolmund, basi. Jamaa alifyeka pori lake, akafa, jina lake likabaki kwenye ardhi, na baadaye wakaja wakubwa waliomiliki ile ardhi wakalichukua kuwa jina la ukoo.

Ninachotaka kujua kwa wataalamu: yale maherufi ya katikati yalikufa vipi mdomoni, na kama yalikufa kwa nini yanaendelea kuandikwa?

---

Kibarazani

Siti ya mbele, na kahawa ishamiminwa.

---

Mtoto wa Sinza

Mkuu hii chai. Haiwezekani mtu aandike Cholomondelei aseme Chamli. Hata mie basi niandike Mwakibolwa niseme Mola.

---

Mwalimu wa Zamu

@Mtoto wa Sinza si chai. Wewe si shabiki wa mpira? Mwaka 2016 nani alichukua ubingwa wa Uingereza? Leicester. Umeshawahi kumsikia mtangazaji akisema "Leisesta"? Ni Lesta. Yule kiungo wao ulimshangilia msimu mzima na hukuhoji.

Mleta uzi ngoja nijaribu, nimefundisha Kiingereza miaka mingi na hili jina nalitumiaga darasani kuwachanganya form four.

Kiingereza kina tabia ya kulipiga neno nyundo sehemu moja. Majina kama haya yanapigwa mwanzoni kabisa, CHOL, na silabi zinazofuata zinabaki hazina nguvu, mtu anazimung'unya, mwanae anazimung'unya zaidi, mjukuu hazijui kabisa. Kiswahili chetu kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho na kila silabi inapata irabu yake safi ndiyo maana sisi tukiona herufi tunaitendea haki zote. Ila msijione malaika, hata sisi tunakula maneno. "Nimekwisha kula" ikawa "nimeshakula" ikawa "nishakula", katika hiyo "kwisha" imebaki "sha". "Mwana wangu" ni mwanangu. Tofauti ni kwamba sisi tukila, mara nyingi tunaandika tulivyokula. Waingereza wanakula halafu wanaweka sahani mezani kama vile chakula bado kipo. Na Dar es Salaam je? Nani humu anatamka "Dar, es, Salaam"? Konda anasema Dasalama, hata kwenye redio unaisikia.

Sasa tuende herufi kwa herufi. Ile O ya kwanza kusomwa "a" si ajabu kwenye Kiingereza, na kuna maneno yenye sababu ya kalamu tu: waandishi wa enzi zile walikuwa wanaandika kwa vijistari vya wima, u, m, n zote ni vijistari, ukiziweka jirani hazisomeki, wakawa wanaweka o mahali pa u. Ndiyo maana tunaandika London tunasema Landan, "monk" inatamkwa mank, "son" inatamkwa san. L mbele ya M nayo inapotea, angalia Holmes inavyosomwa Homz, na "palm" haina L mdomoni. Tayari hapo una "Cham". Kilichobaki ni ile "onde" ya katikati ambayo haikuwa na nyundo, ikaliwa yote. Cham-li. Hakuna uchawi.

---

Mtoto wa Sinza

Sawa nimenyoosha mikono. Ila bado nasema hawa walifanya makusudi ili kuwakamata washamba. Unaalikwa kwenye karamu, unasema Cholomondelei, wote wanajua wewe si wa kwao.

---

Mwalimu wa Zamu

Kutumika kukamata washamba kunatumika sana tu, hilo sikatai. Lakini mkulima wa pale kijijini ambaye hajawahi kuingia karamu yoyote naye anasema Chamli. Sauti ni ya wote. Kilichobaki na wakubwa ni maandishi.

---

Mwana wa Nakuru

Aki nyi watu wa TZ mnashangaa hii jina saa hii na sisi Kenya tumeishi nayo zaidi ya miaka mia moja!! Wasee, Lord Delamere ni nani? Jina yake kamili ni Hugh Cholmondeley. Delamere ni cheo tu.

Wacha niwaeleze venye iko. Huyo babu alizaliwa 1870, alikuwa anakuja Somalia kuwinda simba, halafu 1897 akashukia kutoka Ethiopia na ngamia akaona nyanda za juu za Kenya akachizi nazo. Akarudi kukaa, serikali ya kikoloni ikampa ekari laki moja huko Njoro, eneo ilikuwa ya Wamaasai. Baadaye akachukua Soysambu kando ya ziwa Elmenteita, alikufa 1931 na huko ndio amezikwa. Kenyatta Avenue pale Nairobi ilikuwa inaitwa Delamere Avenue, na sanamu yake ilikuwa hapo hapo mpaka tukapata uhuru ikatolewa ikapelekwa shambani kwao.

Mimi nimezaliwa Nakuru, Delamere kwetu ilikuwa ni maziwa na yogati, na pia ni pale mahali Naivasha matatu inasimama watu wanashuka kukojoa na kununua chai. Sikuwa najua ni jina ya mtu mpaka nikiwa darasa la sita.

Hio jina lingine, Cholmondeley, wengi walilijua 2006. Kitukuu wake yule babu, Thomas, alimpiga risasi fundi wa mawe kwenye hio shamba, na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amempiga askari wa wanyamapori, hio kesi ya kwanza serikali ikaitupa watu wakaandamana. Kesi ya pili ikaenda mpaka 2009, akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akapewa miezi nane juu alikuwa ameshakaa ndani miaka tatu. Alikufa 2016. Sasa hio miaka yote ya kesi kila jioni saa moja tunakaa mbele ya TV na shosh wangu anangojea tu aone leo mtangazaji ataisemaje. Kuna wenye walisema Cholmondelei yote, kuna wenye walisema Chomli, kuna mmoja alisema "Tom" akaendelea na habari. Shosh alikuwa anasema huyu mtu hata jina yake haishikiki, sembuse yeye mwenyewe.

---

Dereva wa Kaskazini

@Mwana wa Nakuru aisee bibi yako asante sana. Mimi Delamere na Cholmondeley nilijua ni koo mbili.

---

Mwana wa Nakuru

Ni moja. Cheo cha Baron Delamere kilitoka 1821 kwa tawi dogo la hio familia lenye lilikuwa linakaa Vale Royal, huko huko Cheshire. Jina ya cheo imetoka kwa msitu wa Delamere, na "mere" ni ziwa dogo. Sasa fikiria, cheo kina ziwa ndani yake halafu mtu anakuja kukaa kando ya Elmenteita.

---

Njoro Alumnai

Nimesoma Njoro wacha niongezee kitu watu hawajui. Egerton, yani chuo chetu, kimeitwa kwa Lord Egerton wa Tatton, huyu Maurice aliyeanzisha shule ya kilimo 1939 kwenye ardhi yake. Hana mke, hana mtoto, alijenga kasri la mawe pale Njoro akakaa peke yake, akafa 1958. Sasa shika ramani ya Cheshire: Egerton nayo ni kijiji, kiko jirani na Cholmondeley. Na wenye kufuatilia nasaba za kule wanazirudisha koo zote mbili kwa mabwana wa Malpas, mji mdogo hapo karibu. Vijiji viwili vya Cheshire, ukoo mmoja uligawanyika kila tawi likabeba jina la kijiji chake, karne zikapita, halafu majina yale yale yanakuja kuwa majirani tena kwenye udongo wa Njoro. Na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza ule udongo ulikuwa unaitwaje.

---

Binti Malindi

Egerton nayo wanaisemaje? Isije ikawa "Eti".

---

Njoro Alumnai

😂😂 Ejaton. Hiyo haina shida.

---

Mbeba Maboksi

Salamu kutoka baridini. Mimi niko Uingereza mwaka wa 14 sasa na hili jina nimelikuta kwa macho mara chache mno. Smith unao kila mtaa, Jones ukienda Wales unachoka. Cholmondeley utaikuta kwenye mabango ya barabara kule Cheshire kuelekea kwenye ngome yao, ambayo kusema kweli si ngome ya vita, ni nyumba ya kifahari ya miaka ya 1800 mwanzoni iliyojengwa ionekane kama ngome. Ni jina dogo kwa idadi ya watu na kubwa kwa kila kitu kingine.

Wakubwa wa ukoo ni ma-Marquess wa Cholmondeley, cheo cha 1815. Wana nyumba nyingine Norfolk inaitwa Houghton Hall, ilijengwa na Robert Walpole yule anayehesabiwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, binti yake aliolewa na Cholmondeley na kwa njia hiyo nyumba ikaja kuwaangukia mwaka 1797. Na wana kazi ya urithi ikulu ambayo inazunguka baina ya familia chache, kwao inarudi kila baada ya mfalme mmoja. Enzi yote ya Malkia Elizabeth ilikuwa kwao, alipofariki 2022 ikahama ikaenda kwa ukoo mwingine. Ila 2023 Charles alipovishwa taji, mmoja wa wale vijana wanne waliombebea joho nyuma ni mtoto wa Cholmondeley.

Ila kitu ninachotaka kuwaambia ni kingine. Jumapili moja nilikuwa sina hela ya kwenda popote, mvua inanyesha, nikaingia Tate, jumba la picha za sanaa pale London, maana kuingia bure. Nikakutana na picha imechorwa kama mwaka 1600 hivi au 1610. Wanawake wawili wamekaa kitandani bega kwa bega, migongo imenyooka kama wanapiga pasipoti, kila mmoja kabeba kichanga kwenye shuka jekundu. Ukiwaangalia haraka unasema ni mapacha, mtu kamkopi mmoja kamweka mara mbili. Ukikaa nao dakika tano unaanza kuona: rangi ya macho si moja, lesi za shingoni si moja, mikufu si moja. Pembeni chini kuna maandishi yanasema hawa ni mabibi wawili wa ukoo wa Cholmondeley, waliozaliwa siku moja, wakaolewa siku moja, na wakajifungua siku moja. Basi. Majina yao hayapo. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia vibaya. Jina la ukoo limeandikwa, la kwao wenyewe hakuna aliyeona umuhimu.

---

Binti Malindi

Mbeba Maboksi hiyo ya mwisho imenigusa. Kwetu angalau wangeandikwa mama fulani na mama fulani.

---

Mtoto wa Sinza

Swali la kizushi. Masikini mwenye jina hili yuko wapi? Maana kila anayetajwa humu ana ngome.

---

Dereva wa Kaskazini

@Mtoto wa Sinza hapo ndipo nilipotaka tufike, nimelifikiria sana barabarani.

Tafuta Chumley. Tafuta Chomley, Cholmeley. Ni jina lile lile limekatwakatwa. Karani wa kanisa anaandika anachosikia, karani wa meli anaandika anachosikia, na wewe kama hujui kusoma huna cha kumsahihisha. Ndiyo maana Marekani ni rahisi zaidi kukutana na Chumley kuliko hilo refu. Kulikuwa na baa New York inaitwa Chumley's, imefunguliwa 1922 na bwana Leland Chumley wakati pombe imepigwa marufuku nchi nzima, mlango hauna hata kibao. Unaona? Huku ngome yenye herufi 12 kwenye bango, kule baa ya kificho yenye saba na bango haina.

Mawazo yangu mimi, si ya kitabu: mwenye ardhi hana haja ya kubadili herufi kwa sababu jina limo kwenye hati za shamba, ukilibadilisha unaharibu hati. Asiye na ardhi jina lake linakaa mdomoni tu, na linaandikwa kama mdomo unavyotaka.

---

Mwalimu wa Zamu

Umesema vizuri ila usivuke mstari. Cholmeley wapo waliokuwa na vyeo vyao, shule ya Highgate pale London ilianzishwa 1565 na Sir Roger Cholmeley na alikuwa jaji mkubwa. Zamani hata tajiri aliandika jina lake leo hivi kesho vile, hakuna aliyejali. Msimamo kwenye herufi umekuja baadaye.

---

Dereva wa Kaskazini

Nakubali, hapo kwa Highgate umenikamata. Kwa Marekani nabaki na langu.

---

Mlushois

Mimi nasoma toka Lubumbashi. Hiyo "leah" ya mwisho iko pia ndani ya jina moja tunalijua vizuri sana huku: Stanley. Stan ni jiwe, leah ni pale pamefyekwa, kwa hiyo Stanley ni mahali pa mawe. Na muangalie: yule mutu jina hilo hakuzaliwa nalo, alizaliwa Denbigh huko Wales mwaka 1841, aliitwa John Rowlands, Stanley alijipatia Amerika. Akakuja Kongo, watu wa Kikongo wakamubatiza Bula Matari, mvunja mawe, kwa sababu ya kupasua miamba kutengeneza barabara. Hawakujua Kiingereza cha kale hata kidogo! Jina la uongo lilikuwa na mawe, na jina walilomupa lilikuwa na mawe. Kisha bazee wetu wakaita serikali yote ya wakoloni Bula Matari.

---

Kibarazani

Kahawa imeisha nimeongeza nyingine. Mlushois hiyo nilikuwa siijui kabisa.

---

Binti Malindi

Kwa hiyo Ashley, Bradley, Shirley wote ni mashamba ya watu? Nina shoga yangu Shirley, leo namwambia.

---

Mwalimu wa Zamu

Wote leah. Ashley ni penye miti ya "ash", Bradley ni pafyeko pana. Shirley panapong'aa. Mpe salamu.

---

Mtoto wa Sinza

Mleta uzi na yule babu mliachanaje? Alikuwa wa ngome au wa baa?

---

Dereva wa Kaskazini

Hakusema na mimi sikumuuliza, mgeni ni mgeni. Alikuwa anavaa soksi zenye tundu na alikuwa anajua majina ya ndege wote kwa Kilatini. Siku ya kuondoka pale KIA aliomba lile boksi langu, akalikunja mara mbili akaliweka kwenye begi, akasema anakwenda kulitundika chooni kwake. Sikujua kama ni heshima au tusi, nikasema karibu tena.

Ila wakuu sijamaliza shida zangu. Leo ofisi wamenitumia orodha ya wiki ijayo na kuna mtu anaitwa FEATHERSTONEHAUGH. Nimehesabu herufi 17. Nisaidieni mapema nisirudie yale yale.

---

Mbeba Maboksi

Fanshoo.

---

Dereva wa Kaskazini

Mkuu naomba tusitaniane, hii ni kazi.

---

Mwalimu wa Zamu

Fanshoo. Wapo wanaolisema refu lakini wewe anza na Fanshoo, akigeuka ndiye.

---

Mtoto wa Sinza

Naondoka kwenye huu uzi.